Kufungua Si Kusoma

Anayeingia katika masjala ya ofisi yo yote hukuta rafu zilizojaa mafaili, na mbele ya rafu hizo ameketi karani. Mgeni hawezi kujiendea rafuni akachukua apendalo. Hana budi kutaja jina la faili analolitaka, na kueleza kama anataka kulisoma tu au kuandika neno ndani yake. Karani hutazama daftari lake, akalitafuta faili, akampa. Na mwenye kulitumia akiisha kazi yake hulifunga na kulirudisha, ili mwingine naye apate kulitumia. Kazi hii ya siku zote, ambayo wengi huiona duni, ndiyo iliyohamishwa na kutiwa ndani ya kompyuta. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu hufundishwa mapema maneno matatu: fungua, soma, funga. Huyaandika, maandishi yakatokea juu ya kioo, naye akadhani kwamba jambo lenyewe ni jepesi na limekuwako siku zote.

Halikuwako siku zote, wala halikuwa jepesi. Nyuma ya maneno hayo matatu iko historia ya zaidi ya miaka 130, ambayo ndani yake watu walishindana, wakakosea, na mwishowe wakapatana. Yafaa tuifuate tokea mwanzo, maana inatufundisha jambo ambalo mwenye haraka halioni, nalo ni hili: kufungua si kusoma. Kufungua ni kazi ya mtambo. Kusoma ni matunda ya mapatano ya watu.

Kabla ya kuwako kompyuta, palikuwa na kadi zenye matundu. Mwaka 1880 serikali ya Marekani ilihesabu watu wake, na kazi ya kujumlisha hesabu hiyo kwa mikono ikachukua karibu miaka minane. Ikahofiwa kwamba hesabu ya mwaka 1890 isingemalizika upesi wa kutosha kabla ya nyingine kuanza. Ndipo mhandisi mmoja, jina lake Herman Hollerith, akatengeneza mtambo wa kuwasaidia makarani. Kila mtu aliyehesabiwa alifanyiwa kadi yake, na habari zake, kama vile umri wake na mahali alipozaliwa, zikaonyeshwa kwa matundu. Kadi ilipobanwa ndani ya mtambo, sindano za chuma zilipita penye matundu tu, zikagusa zebaki iliyokuwa chini yake. Mkondo wa umeme ukakamilika, na mshale wa hesabu ukasogea hatua moja. Kwa njia hiyo walihesabiwa watu karibu milioni 63.

Litazame tundu lile, msomaji. Lenyewe halina maana yo yote. Tundu mahali fulani lilimaanisha mwanamke, na mahali pengine likamaanisha mwanamume, kwa sababu tu watu wa ofisi ya hesabu walipatana hivyo. Asiyejua mapatano yao, hata angeishika kadi mkononi na kuitazama mchana kutwa, angeona karatasi iliyotobolewa.

Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikapewa jina la IBM. Kompyuta zilipoenea katika miaka ya 1950, zilirithi kadi hizo, na pamoja nazo zikatumia kanda za sumaku. Siku hizo faili lilikuwa kitu cha kubebwa kwa mikono. Lilikuwa bunda la kadi, nazo zilipitishwa mtamboni moja baada ya nyingine kwa utaratibu wake. Na aliyejikwaa njiani akalimwaga bunda lake chini alikuwa na kazi ya kuzipanga upya kabla mtambo haujaweza kumsaidia.

Mwaka 1957 John Backus na wenzake katika kampuni ya IBM walitoa lugha ya programu iitwayo FORTRAN. Ndani yake mlikuwa na amri ya READ, yaani soma, ambayo kwayo programu iliagizwa kuchukua kadi au kuvuta habari kutoka ukanda wenye namba fulani. Lugha hiyo ilipendwa na watu wa sayansi na hesabu. Watu wa biashara na ofisi walitaka yao. Na mwaka 1959 kamati ikaundwa, ambayo kazi yake ilizaa lugha ya COBOL mwaka uliofuata. Aliyewatangulia na kuwaonyesha njia ni Grace Hopper, bibi mwenye elimu kubwa ya hesabu aliyetumikia jeshi la majini la Marekani. Yeye alikuwa ameshikilia, ingawa wengi hawakumwamini, kwamba programu yaweza kuandikwa kwa maneno ambayo karani wa kawaida ataweza kuyaelewa. Basi katika COBOL twayakuta yale maneno ya masjala yamekwisha kuingia: OPEN, yaani fungua; READ, yaani soma; CLOSE, yaani funga. Tena lugha hiyo ilimpa mwandishi wa programu nafasi ya kueleza la kufanya faili litakapokwisha. Hili si jambo dogo. Mtu akisoma kitabu huona kwa macho kwamba kurasa zimekwisha. Mtambo hauna macho, na usipoambiwa mwisho ni upi, hautajua pa kukomea.

Hata hivyo tatizo kubwa lilikuwa bado. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ili iweze kutunza neno, hapana budi kila herufi ipewe namba yake. Kila kampuni iliyotengeneza kompyuta ilijichagulia namba ilizozipenda, kama vijiji ambavyo kila kimoja kina vipimo vyake vya kupimia nafaka. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha moja iliyokusudiwa kutumiwa na wote, nayo ikaitwa ASCII. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi 128, na ndani yake herufi kubwa A ilipewa namba 65. Herufi ndogo hazikuwamo mwanzoni. Zilitiwa katika masahihisho ya mwaka 1967. Walakini mwaka 1964 IBM ilitoa kompyuta zake za System/360 zikiwa na orodha nyingine, EBCDIC, na humo A ilikuwa namba 193. Mtu aliyechukua ukanda ulioandikwa kwa orodha moja akaupeleka kwenye mtambo wa orodha ya pili bila kuutafsiri aliona ajabu: faili lilifunguka barabara, mtambo haukukataa, lakini kilichosomwa kilikuwa upuuzi mtupu. Tarehe 11 Machi 1968 Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliamuru kwamba kompyuta zitakazonunuliwa na serikali yake ziwe na uwezo wa kutumia ASCII. Jambo la herufi lilikuwa limefika mezani pa rais wa nchi.

Hatua iliyofuata ilipigwa katika maabara ya Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1969 Ken Thompson, akishirikiana na Dennis Ritchie, alianza kujenga mfumo wa kuendesha kompyuta ulioitwa Unix. Katika mifumo mingi ya wakati huo, aliyetaka kusoma faili alitakiwa kujua mambo mengi: urefu wa kila fungu la habari, jinsi mafungu yalivyopangwa, na mengine mengi. Hawa wawili waliona kwamba faili laweza kuwa kitu sahili kabisa: safu ya baiti, yaani namba ndogondogo, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Maana ya namba hizo si shauri la mfumo, ni shauri la anayesoma.

Katika Unix twamwona yule karani wetu wa masjala waziwazi. Programu hutaja jina la faili. Mfumo hutazama kama faili hilo liko, na kama anayeomba ana ruhusa. Vyote vikiwa sawa, humpa namba ndogo ya kulitambulishia, kama mtu apewavyo namba anapoacha mzigo wake stesheni. Namba 0, 1 na 2 huwa zimekwisha kushikwa na njia za kuingizia habari, kutolea majibu na kutangazia makosa; kwa hiyo faili la kwanza kufunguliwa aghalabu hupewa namba 3. Karani huyo pia huweka kidole pale msomaji alipoishia, ili akija tena asianze upya. Na faili likiisha, mfumo humjibu msomaji kwamba baiti alizopata ni sufuri. Asemavyo mtu wa sokoni, ghala ni tupu.

Hata wajenzi wakubwa hawakosi kasoro. Amri ya kuunda faili jipya katika Unix iliandikwa "creat", ikiwa imepungukiwa na herufi e ya mwisho. Miaka mingi baadaye Thompson aliulizwa angebadili nini kama angeujenga mfumo wake upya, naye akajibu kwamba angeiongeza e hiyo. Lakini programu nyingi zilikuwa zimekwisha kuzoea jina lenye kasoro, na mapatano yakishaenea ni vigumu kuyatengua.

Kutoka maabara hiyohiyo ilitoka lugha ya C, kazi ya Ritchie ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilienea pote kwa kitabu alichokiandika pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978. Katika C anayefungua faili husema nia yake kwa herufi moja: r akitaka kusoma, a akitaka kuongeza mwishoni, w akitaka kuandika. Sharti la hiyo w ni kali. Kama faili liko tayari, yaliyomo yote hufutwa kwanza, ndipo kuandika kuanze. Lugha nyingi zilizokuja baadaye zilirithi desturi hiyo.

Nami sioni haya kuungama yaliyonipata. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliandika programu ndogo ya kusoma alama za mtihani za kidato cha pili na kutafuta wastani wake. Mahali pa r niliandika w. Programu haikulalamika hata kidogo. Nilipolitazama faili, halikuwa na kitu. Na nakala nyingine sikuwa nayo. Karatasi za mtihani nilikuwa nimekwisha kuwarudishia wanafunzi, basi ikanibidi nizunguke madarasani nikiwaomba waniletee tena. Baadhi walikuwa wamezipoteza. Mmoja aliyekuwa amepata alama 31 aliileta yake siku ileile, ingawa angaliweza kusema kwamba hajui iliko. Tangu siku hiyo naiheshimu herufi moja, na namheshimu zaidi kijana yule.

Turudi kwenye safari yetu. Mapatano ya herufi yalikuwa yamepatikana, lakini watu hawakupatana hata juu ya mwisho wa mstari. Katika mitambo ya zamani ya kupiga chapa kwa njia ya waya, kumaliza mstari kulikuwa na vitendo viwili: kukirudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, ambacho katika ASCII ni namba 13, na kuisogeza karatasi juu, ambacho ni namba 10. Unix ilichagua 10 peke yake. Mifumo ya MS-DOS na Windows ikashika zote mbili. Kompyuta za Macintosh za zamani zikatumia 13 peke yake. Faili lililoandikwa kwa desturi moja na kusomwa kwa nyingine liliweza kuonekana kama mstari mmoja mrefu usio na kituo. Mapacha hao wawili, 13 na 10, wanaendelea kuwasumbua waandishi wa programu, ingawa mitambo iliyowazaa imekwisha kuwekwa katika makumbusho.

Tena, ASCII ilikuwa orodha ya Wamarekani, nayo iliwatosha wao. Kwa bahati njema ilikitosha pia Kiswahili kiandikwacho kwa herufi za Kirumi. Haikuwatosha Wafaransa, wala Warusi, wala Waarabu, wala Wachina. Wala haikuwatosha jirani zetu hapa Kenya waandikao Kikuyu na Kikamba, ambao wana irabu mbili zenye alama juu yake, ĩ na ũ. Alama hiyo si pambo. Hubadili sauti ya irabu. Mwaka 1987 ilitolewa orodha ya nafasi 256 kwa ajili ya lugha za Ulaya ya magharibi, ikajulikana kama ISO 8859-1. Lakini ĩ na ũ hazikuwamo humo. Aliyetaka kuandika jina la Mũrang'a kwa orodha hiyo alilazimika kuiacha alama.

Dawa ilikuwa kutengeneza orodha moja ya herufi za dunia nzima. Orodha hiyo, Unicode, ilianza kutolewa mwaka 1991. Ndani yake ũ ina namba yake, 361, na herufi za Kiarabu ambazo wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa waliandikia tendi zao kwa karne nyingi zina nafasi yake pia. Likabaki swali la jinsi ya kuziandika namba kubwa kama hizo kwa baiti, kwa maana baiti moja haipiti 255. Jibu lilipatikana jioni moja ya Septemba 1992, katika mkahawa mmoja wa New Jersey. Ken Thompson, yuleyule wa Unix, alikuwa mezani pamoja na Rob Pike, akachora mpango wake juu ya karatasi ya kuwekea sahani. Mpango huo huitwa UTF-8. Herufi za ASCII zilibaki na baiti moja kama zamani, kwa hiyo maandishi ya kale hayakuharibika. Na herufi nyingine zikapewa baiti mbili, tatu au nne. Basi ũ huandikwa kwa baiti mbili, 197 na 169.

Je, ikitokea mtu akazisoma baiti hizo kwa orodha ya 1987? Humo 197 ni Å, na 169 ni ©. Kwa hiyo Mũrang'a hutokea kuwa MÅ©rang'a. Bila shaka msomaji amewahi kuona uchafu wa namna hiyo juu ya kioo, akadhani kwamba faili limeharibika. Halikuharibika hata baiti moja. Limefunguliwa, ila limesomwa kwa mapatano yasiyo yake.

Lugha ya Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, ndiyo ambayo wanafunzi wengi huanza nayo siku hizi. Toleo lake la tatu, la Desemba 2008, lilitenganisha kabisa baiti na maandishi, ili mtu asivichanganye. Programu ya kusoma orodha ya majina katika Python huandikwa hivi:

with open("majina.txt", "r", encoding="utf-8") as faili:
    for mstari in faili:
        print(mstari.strip())

Tuisome pamoja. Neno open ndilo kumwendea karani. Jina la faili limetajwa, na herufi r yaeleza kwamba tunataka kusoma tu. Maneno encoding="utf-8" yataja mapatano ambayo kwayo baiti zitageuzwa kuwa herufi; mwandishi mvivu huyaacha, na siku moja hujuta. Mstari wa pili wachukua mistari ya faili mmoja mmoja, hata faili liwe kubwa kiasi gani. Wa tatu huondoa alama ya mwisho wa mstari na nafasi tupu za pembeni, kisha huonyesha kilichobaki. Na neno with, lililoingizwa katika lugha hiyo mwaka 2006, huhakikisha kwamba faili litafungwa, hata kosa likitokea katikati ya kazi. Katika mistari hii mitatu yumo Hopper, wamo Thompson na Ritchie, na wamo wote waliobishana juu ya namba ya A.

Nimalizie kwa kisa cha vitabu viwili. Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William wa Uingereza walimaliza daftari la mashamba na mali za nchi hiyo, likaitwa Domesday. Liliandikwa kwa wino juu ya ngozi, kwa Kilatini. Mwaka 1986, ilipotimia miaka 900, shirika la BBC lilitengeneza daftari jipya la maisha ya Waingereza. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shule, walioandika habari za vijiji vyao, michezo yao na kazi za wazazi wao. Yote yakatiwa katika diski kubwa za kusomwa kwa mwanga, kwa kompyuta ya namna ya pekee. Haikupita miaka 20, mitambo hiyo ikawa imeadimika, na ikahofiwa kwamba kazi ya watoto wale ingepotea. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu iliyoweza kuuiga mtambo ule wa zamani, na mwaka 2011 BBC ikayatoa tena katika intaneti maandishi na picha za vijiji. Kazi ya watoto iliokolewa, lakini kwa jasho jingi. Hali daftari la ngozi, lenye zaidi ya miaka 900, lilikuwa bado likisomwa na ye yote ajuaye Kilatini.

Asidhani mtu kwamba nakusudia kusema ngozi ni bora kuliko diski. Wino wa mwaka 1086 ulisomeka kwa sababu mapatano yake, yaani herufi za Kirumi na lugha ya Kilatini, hayakuacha kufundishwa. Na diski za 1986 ziliponea chupuchupu kwa sababu mapatano yake yalijulikana na wachache, nao walikuwa wakitawanyika. Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini akiba ya maandishi huoza, isipokuwa wakiwapo watu wa kuyashika na kuyarithisha mapatano yake.

Basi wewe mwanafunzi, utakapofungua faili lako la kwanza na kuona maneno yamepangana vizuri juu ya kioo, ukumbuke kwamba mtambo umekupa namba tu. Herufi umepewa na watu, wengi wao wamekwisha kufa, waliokubali kuacha desturi zao ili wengine wapate kusoma. Nawe utakapoandika lako, taja mapatano uliyoyatumia, weka nakala, na ulifunge vizuri. Yuko mtu atakayekuja kulifungua baada yako, na haitamfaa kitu kulifungua asipoweza kulisoma.